Kumi Juu ya Kumi

Jina la Injini alipewa na Spika, siku ile makundi yalipogawanywa. Walikuwa watano kwenye meza ya kantini ya chuo, meza yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha boksi, na mhadhiri alikuwa ametoka tu kuwapa kazi ya muhula mzima. Kila mtu aliinamia simu yake. Yeye ndiye aliyetoa kalamu.

"Aa, hapo sawa," Spika akasema, akajinyoosha mpaka kiti kikalia. "Tumepata injini. Treni yetu haina shida tena. Wewe vuta, dada, sisi tuko nyuma yako."

Wakacheka. Naye akacheka, maana ilisikika kama sifa.

Spika mwenyewe aliitwa hivyo kwa sababu ya mdomo. Kijana huyo akikuambia habari za asubuhi, unatamani kumpigia makofi. Shati lake halikuwahi kuwa na kunyanzi, na mikono yake ilikuwa laini kama ya mtu aliyetoka kuoga. Wa tatu alikuwa Baba Mdogo, mtu mzima mwenye mke na watoto, mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye alikuwa amejifunza kulala darasani huku macho yakiwa wazi. Halafu kulikuwa na wasichana wawili, Pacha wa Kulia na Pacha wa Kushoto. Hawakuwa ndugu hata kidogo. Walipanga chumba kimoja, wakakaa pamoja siku zote, kila mmoja upande wake uleule, na mmoja akipiga chafya mwenzake ndiye anayetafuta leso.

Walikuwa wanasoma mambo ya ugavi: stoo, usafirishaji, bidhaa inatoka wapi inafika wapi. Mhadhiri wao alikuwa mtu mfupi, mwenye haraka, na wanafunzi walimwita Bwana Stadi kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila neno hilo.

"Waajiri wanatulalamikia," aliwaambia siku ya kwanza. "Wanasema tunawapelekea watu wenye vyeti ambao hawawezi kukaa meza moja na mwenzao wakapanga jambo. Hawana stadi za kusikilizana. Hawana stadi za kugawana kazi. Kwa hiyo mimi sisomeshi tena kwa kuongea peke yangu. Kuanzia leo ni makundi. Kidole kimoja hakivunji chawa!"

Ukumbi aliosimama kusema hayo ulikuwa na viti vilivyofungwa kwa nati sakafuni, vyote vinautazama ubao. Ili kuongea na kundi lako, ilibidi wengine wapige magoti juu ya viti na kugeuka nyuma, kama watoto safarini. Makoti yalining'inia, vitabu vikaanguka, na Bwana Stadi akapita katikati akisugua viganja kwa furaha.

Kazi ya kundi lao ilikuwa kiwanda cha mikate. Mikate mingi ilikuwa inarudishwa na maduka, na kiwanda kilitaka kujua kwa nini. Wakapatana waende wote watano, alfajiri, wakati magari yanapakiwa. Injini akafika getini wakati taa za barabarani bado zinawaka, akafungua simu kwenye kundi lao.

"Jamani nimeamka na homa ya ajabu," Spika alikuwa ameandika.

"Ndio natoka zamu, macho hayafunguki. Mtanisamehe," akaandika Baba Mdogo.

"Huku mvua," akaandika Pacha wa Kulia.

"Huku pia," akaandika Pacha wa Kushoto, kana kwamba chumba chao kilikuwa na anga mbili.

Injini akatazama juu. Nyota zote zilikuwepo. Akasonya, akaingia ndani.

Nyuma ya kiwanda kulikuwa na jukwaa la saruji, limeliwa kwenye kingo na magurudumu ya mikokoteni. Mikate ilitoka jikoni ikiwa kwenye kreti za plastiki, bado ina joto, na mpakizi akaisukuma ndani ya gari jinsi ilivyokuja. Injini akasimama pembeni akitazama. Hakuwa mtu wa maneno. Tangu utotoni alikuwa hivyo, wageni wakija kwao walidhani hayupo. Lakini kitu kikipita mbele yake alikiona. Akaomba kupanda gari, dereva akamwambia, "Panda, ila ukichafuka usimlaumu mtu."

Kufika duka la kwanza tu, akaelewa. Kreti za duka lile zilikuwa ndani kabisa. Basi mpakizi akashusha chini kreti za watu wengine, akavuta za ndani, halafu akarudisha za nje mbiombio huku dereva anapiga honi. Kreti moja ikalala ubavu. Nyingine ikakalia mikate ya jirani. Duka la pili, hivyohivyo. Mpaka wanafika duka la mwisho, mikate ilikuwa imebonyea kama mto wa mgonjwa, na mwenye duka hakuishika mara mbili. "Rudisheni," akasema.

Dawa yake ilikuwa rahisi: duka la mwisho lipakiwe kwanza, la kwanza lipakiwe mwisho. Lakini jikoni waliyoipika kwanza ndiyo iliyotoka kwanza, kwa hiyo ilibidi jikoni na jukwaani wapangiane. Akaenda tena na tena mpaka akajua jinsi ya kupanga.

Kuandika pia akaandika yeye. Pacha walikuwa wamemletea kurasa zao, historia ya mkate tangu watu wa kale, na umuhimu wa ngano mwilini. Baba Mdogo alileta maswali aliyowauliza wenye maduka wa mtaani kwake. Injini akasoma kidogo, akaona kuwarekebisha kutachukua muda kuliko kuandika upya, akafuta vyote. Hakuwaambia. Aliona anawafichia aibu.

Kitu kimoja tu kilimshinda, kusimama mbele za watu. Kwa hiyo akamkalisha Spika kwenye ngazi za maktaba, akamlisha yale maneno sentensi kwa sentensi, kama mtu anayemnywesha mtoto dawa.

"Kreti zinapakiwa vipi?" anamuuliza.

"Jinsi zinavyotoka."

"Zinatoka wapi?"

"Kwenye gari."

"Jikoni, wewe! Jikoni!"

"Injini, punguza moto. Nitalipamba, usijali."

Na kweli akalipamba. Siku ya kuwasilisha alikuja mgeni, meneja wa ugavi wa kile kiwanda, mama mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani kwa uzi. Spika akasimama, akatabasamu, akaanza, "Tulipopanda gari lile la mikate, alfajiri ile, baridi inatuuma..." Injini alihisi masikio yanawaka. Ukumbi mzima ukatulia. Hata Baba Mdogo aliamka.

Mama wa miwani akauliza, "Nani hasa alipanda gari?"

"Sote, mama. Kwa zamu," Spika akajibu bila kupepesa jicho.

Injini angeweza kunyanyua mkono. Hakunyanyua. Mwenzako humvui nguo mbele ya mgeni, hilo hata mtoto anajua.

Baada ya hapo Bwana Stadi akawagawia vikaratasi. Kila mtu, kwa siri, awape wenzake alama kulingana na kazi waliyofanya. Injini akaanza na Pacha, kumi na kumi. Baba Mdogo, kumi, masikini, ana watoto. Kwenye Spika kalamu ikasimama. Akafikiria tatu. Akafikiria ile homa ya ajabu. Halafu akamwona Spika upande wa pili, ulimi umetoka nje kidogo kwa bidii ya kuandika, na akajiuliza, mtu unamnyimaje mwenzako? Watajua ni mimi. Akaandika kumi.

Wiki iliyofuata Bwana Stadi aliingia na habari. Kiwanda kimefurahi. Kinataka mtu mmoja kutoka kundi lile, aende kwa mafunzo kazini, na wanaofanya vizuri huwa wanabakizwa.

Injini alishika ukingo wa kiti. Mtaani kwao, nyumba ya pili, kulikuwa na dada aliyesoma somo hilihili kabla yake. Cheti chake kilikuwa kwenye plastiki juu ya kabati, naye kila asubuhi alikaa barazani akisoma matangazo ya kazi kwenye simu: uzoefu, uzoefu, uzoefu. Alikuwa ameanza kuzoea kukaa. Injini alimwona akizoea, na hicho ndicho kilichomtisha kuliko mtihani wowote.

"Nilitaka kutumia alama mlizopeana," Bwana Stadi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa imechoka. "Lakini mmepeana kumi juu ya kumi. Ukumbi mzima! Hata lile kundi lililopigana ngumi kwenye korido, kumi juu ya kumi. Haya. Chagueni wenyewe. Wote watano mkubaliane jina moja, mniletee Ijumaa kabla sijafunga ofisi. Msipokubaliana, nafasi naipa kundi lingine. Hiyo nayo ni stadi."

Wakakutana kantini, meza ileile. Injini alifika na moyo mwepesi. Alikuwa ameshafikiria atakavyosema asante bila kuringa.

"Mimi nasema aende Spika," Pacha wa Kulia akaanza.

"Na mimi," akasema wa Kushoto.

Injini alidhani wanatania. Akasubiri wacheke.

"Usinielewe vibaya, shoga," Pacha wa Kulia akaendelea, akimshika mkono. "Wewe hukosi. Una akili, una bidii, popote utapata. Lakini Spika asipopata hapa, nani mwingine atamchukua?"

"Asante kwa kunitetea," Spika akasema. "Ingawa sijui umenisifu au umenitukana."

"Halafu yule mama anamjua Spika," Baba Mdogo akaongeza polepole. "Ndiye aliyemwona amesimama. Sisi wengine hata akitukuta barabarani hawezi kututambua."

"Yaani," Injini akasema, na sauti ilitoka nyembamba, "kwa sababu nafanya kazi, nisipewe kazi?"

"Usiichukulie hivyo, binti."

"Niichukulie vipi, Baba Mdogo? Nifundishe."

Pacha wa Kushoto alichezea kifuniko cha soda. Wakakubaliana kwamba kila mtu akafikiri, maneno ambayo maana yake ilikuwa Injini akafikiri.

Alikwenda kwa Bwana Stadi. Ofisi yake ilikuwa nusu ya chumba, nusu nyingine ilikuwa ya mhadhiri wa hesabu, na katikati wamesimamisha kabati. Kila alichosema Injini, kikohozi cha upande wa pili kilikijibu. Alisema yote: gari, kreti, kurasa, homa, mvua ya chumba kimoja. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu mzima.

Bwana Stadi akamsikiliza, akavuta rundo la vikaratasi, akachambua, akampa kimoja. Ulikuwa mwandiko wa Injini mwenyewe.

"Huyu unayesema hakufanya kitu, ulimpa ngapi?"

Injini akakitazama kikaratasi.

"Kumi," Bwana Stadi akajijibu mwenyewe. "Nilikuuliza kwa siri, ukaniambia kumi. Sasa nafasi imekuja, unaniambia sifuri. Nimwamini nani, wewe wa juzi au wewe wa leo?"

"Lakini wewe mwalimu ulikuwa unajua."

"Najua nini? Nina wanafunzi ukumbi mzima, binti yangu. Najua mnachoniambia." Akakichukua kikaratasi, akakirudisha kwenye rundo, akalinganisha kingo kwa vidole. "Nenda ukaongee nao. Kazini hakuna mwalimu wa kumshtakia."

Akatoka akiwa na hasira ambayo haikuwa na pa kukaa. Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa. Lakini vinavyotapakaa damu ni vile viwili vilivyobana, vingine vinatazama. Alifikiria hayo njia nzima, akapita hata kona ya kwao, ikabidi arudi.

Mama yake alikuwa anapiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, kama kila jioni. Chumba kilinuka joto na sabuni. Injini akashika ncha za shuka bila kuambiwa, wakakunja pamoja, wakisogeleana na kuachana kama wachezaji, na akamweleza.

"Mwachie," mama akasema. "Mtoto wa watu ana shida. Wewe hukosi, mwanangu."

"Kaka alipopelekwa udereva mlisema hivyohivyo. Eti mimi nitajisomesha."

"Na hukusoma?"

"Nilisoma."

"Sasa?"

"Mama, sikosi kwa sababu nahangaika. Si kwa sababu napewa."

Mama akaweka pasi wima. Akamtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta doa kwenye shuka jeupe. "Mbona unaongea na mimi kama mimi ndiye Spika?" akasema. Kisha akachukua shuka lingine, wakaendelea kukunja mpaka yalipoisha.

Ijumaa wakakaa kwenye benchi la korido, nje ya ofisi ya Bwana Stadi, watano wamebanana. Injini alikuwa amejiambia asubuhi nzima aseme kwanza.

"Sikubali," akasema. "Kazi ni yangu. Gari nilipanda mimi. Nilifua suruali mara tatu grisi haikutoka. Kuandika, mimi. Hata ulichosema mbele, Spika, kilikuwa changu."

"Mdomo ulikuwa wangu," Spika akasema, ila hakutabasamu.

"Na sisi hatukuandika?" Pacha wa Kulia akadakia. "Tulikuletea kurasa. Ziko wapi?"

Injini akatazama sakafu.

"Ulizifuta," akasema wa Kushoto, taratibu. "Tulikuwa tunatafuta jina letu mule ndani kama mtu aliyepotelewa na kiatu. Hata sentensi moja, Injini! Ungesema ni mbaya, si tungeandika tena?"

"Maswali yangu nayo," Baba Mdogo akasema. "Nilizunguka maduka baada ya zamu. Miguu imevimba."

"Yalikuwa hayahusu!"

"Ungeniambia hayahusu."

"Nyie mngekuja kiwandani!" Sauti yake ikapanda mpaka mlango wa jirani ukafunguka. "Mngekuja hata mara moja! Homa, mvua, sijui nini! Nimekaa getini peke yangu gizani, halafu leo mnaniuliza kurasa za historia ya mkate?"

Alilosema lilikuwa kweli, na la kwao nalo lilikuwa kweli, na yote mawili yakakaa pale kwenye benchi kama watu wawili waliogombana ambao wanangoja gari moja. Injini aliona aibu kidogo. Hasira haikupungua hata chembe.

Baba Mdogo akasafisha koo. "Mimi nabadilisha. Aende Injini. Haki ni haki."

Pacha wakatazamana. "Sawa," akasema wa Kulia. Wa Kushoto akatikisa kichwa kukubali.

Wakabaki wanamtazama Spika. Alikuwa ameinama, anakunja na kukunjua mkono wa shati lake, na kwa mara ya kwanza shati lile likapata kunyanzi.

"Mimi siwezi," akasema. "Nimeshamwambia mama nimepata. Alipiga vigelegele, majirani wakaja. Nikarudi nimwambie nini?"

"Ulimwambia kabla hatujakubaliana?" Baba Mdogo akauliza.

"Mlisema niende mimi! Mlisema wenyewe, wote mkiwa mmekaa!"

"Mimi sikusema," akasema Injini.

"Wewe ulisema utafikiri."

Wakabembelezana pale. Wakatishana, wakaitana majina, Baba Mdogo akaomba, Pacha mmoja akalia kidogo. Spika akasema hapana, Injini akasema hapana, na kila hapana ilikuwa ngumu kuliko iliyotangulia. Funguo zikasikika. Bwana Stadi akatoka na mkoba wake, akawatazama mmoja mmoja.

"Jina?"

Injini alijua kwamba neno moja tu la kwake lingeokoa nafasi ile isipotee, hata kama ingekwenda kwa Spika. Alijua pia kwamba Spika naye analo neno hilo. Akamtazama. Spika akatazama ukuta.

"Hatuna," Injini akasema.

Bwana Stadi akafunga ofisi. Hakusema kitu juu ya stadi. Jumatatu nafasi ilikwenda kwa lile kundi lililopigana ngumi kwenye korido. Walipoulizwa, wao walikubaliana jina siku ileile.

Muhula mpya ulipofunguliwa, Injini aliomba kubadilishiwa kundi. Jibu likabandikwa ubaoni kwa wote: makundi ni yaleyale mpaka mwisho, kwa sababu kazini mtu hachagui wa kukaa naye. Kazi ya safari hii ilikuwa soko la mboga: kwa nini nyanya zinaoza kabla hazijauzwa.

Wakakutana kantini. Spika alikuwa amenyoa. Hakuna aliyemuuliza mama yake alisemaje. Karatasi nyeupe ikawa katikati ya meza, na kalamu juu yake, na macho ya wote wanne yakaelekea kulekule yalikozoea.

"Haya Injini," Spika akasema, akijaribu sauti yake ya zamani. "Tunaanzaje?"

Injini aliiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Ilikuwa kama kuzuia chafya. Mhudumu akaja kufuta meza isiyo na uchafu, akaondoka. Mwishowe Pacha wa Kushoto akavuta karatasi akaandika, kwa herufi za mviringo: Nyanya zinaoza kwa sababu ya jua.

Haikuwa sababu. Injini alikuwa amepita sokoni jana yake, akaona magunia na nyanya za chini zinavyominywa na za juu. Jibu lilimkaa kooni kama mfupa.

"Ni sawa hivyo?" Pacha akamuuliza.

"Sijui. Inabidi kwenda kuona."

"Nani atakwenda?"

"Wote. Asubuhi, wakati mizigo inashushwa."

Baba Mdogo akapangusa uso kwa kiganja. Pacha wa Kulia akatazama dirishani, mawinguni. Spika akaanza kukunja mkono wa shati lake.

Wakakaa hivyo. Kalamu ilikuwa karibu na Injini kuliko mtu yeyote. Hakuigusa.